Kuusoma mzunguko wa dunia kwa mwanga, ukiwa Kabondo

Anayetaka kuuona mzunguko wa dunia bila kutazama nyota ana bahati akiwa mkazi wa Kabondo, mjini Kisangani. Kisangani iko nusu nyuzi tu kaskazini mwa ikweta, chini ya kilomita 60, na mahali kama hapo jairoskopu husema ukweli wake waziwazi kuliko Paris ilikopewa jina.

Jairoskopu ni ndugu wa pia wanayochezea watoto: kisahani kizito kinachozunguka kwa kasi na kung'ang'ania uelekeo wake. Léon Foucault, Mfaransa aliyekipa chombo hiki jina mwaka 1852, alikitundika ndani ya pete mbili, ya ndani na ya nje, ili dunia igeuke huku mhimili ukibaki palepale. Kisahani chake kilizunguka dakika chache tu, na dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ikabidi aufuatilie mwendo huo kwa hadubini. (Ile iliyomo kwenye simu yako haizunguki, hutetemeka, hiyo ni habari nyingine.)

Kwa nini kutazama tu, bila kugusa? Kwa sababu jairoskopu ikisukumwa haiendi ulikoisukumia, bali hugeukia ubavuni. Chukua kisahani cha gramu 200, chenye nusu kipenyo cha sentimita 4, kinachozunguka mara 7,200 kwa dakika, kasi ya diski kuu nyingi za kompyuta. Kitovu cha uzito kikihama mikroni 10 tu kufuata mhimili, umbali mdogo kuliko unene wa unywele, uelekeo utapotea kwa nyuzi 33 hivi kila saa. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mwendo wa dunia unaoutafuta! Ukiongeza na waya unaoning'inia kutoka nje, usijisumbue kupima. Mwale wa leza wa miliwati 5, utakaotumika kuusoma mwendo, nao husukuma, lakini msukumo wake haufiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya kosa hilo la uzito.

Basi mota na betri vikae pamoja kwenye pete ya ndani, visawazishwe vizuri, na kioo kidogo kibandikwe kwenye pete hiyohiyo, kikitazama mashariki. Kioo kikigeuka, mwale unaoakisiwa hugeuka mara mbili yake. Ukuta ukiwa mita 3 mbali, mwendo wa dunia unakuwa doa jekundu linalosogea sentimita 2.6 kila dakika. Rula ya mwanafunzi inatosha. Kisha paka nusu ya kisahani rangi nyeusi, ukimulike kwa taa ndogo mbele ya sensa ya mwanga, uhesabu mapigo 120 kwa sekunde. Yakipungua, kasi imeshuka na makosa yameongezeka.

Viwanda vilikwenda mbali zaidi. Miaka ya 1950 Arnold Nordsieck wa Chuo Kikuu cha Illinois alipendekeza mpira unaoelea kwa nguvu ya umeme ndani ya ombwe, na baadaye mipira ya aina hiyo ilichorwa alama zinazosomwa kwa mwanga.

Sasa ikweta. Laza mhimili mashariki-magharibi. Ncha ya mashariki itainuka kama nyota inavyochomoza, na doa litasogea wima. Kosa la uzito, pamoja na msuguano wa beringi za pete ya ndani, hulipeleka doa pembeni. Paris, mwendo wa dunia alioutafuta Foucault ulikuwa wa pembeni, njia ileile ya makosa. Hapa kila kimoja kina njia yake. Ugeuze mhimili kaskazini-kusini na doa litaacha kupanda. Likiendelea kupanda, kagua beringi za pete ya nje.

Walimu wa fizikia wa Kabondo, jaribio hili ni lenu. Ila leza nyingi za sokoni zina nguvu kuliko kibandiko kinavyosema: zielekezwe chini ya usawa wa macho, na mtu asisimame kati ya kioo na ukuta.