Kompyuta kuukuu ya duka: Iongezewe vifaa au inunuliwe nyingine?

KATIKA maduka mengi ya pembejeo, vifaa vya ujenzi na bidhaa za jumla, kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kwa mtumba miaka mingi iliyopita ndiyo inayoshika mahesabu yote. Humo mna hesabu ya stoo, bei, mauzo ya kila siku na, kubwa kuliko yote, orodha ya wanaodaiwa.

Kompyuta hiyo ikianza kujikokota, yuko mwenye duka anayemwita fundi aiongezee vifaa, na yuko anayeona bora atafute nyingine. Wote wawili wanaweza kupoteza fedha, kwa kuwa mara nyingi uamuzi hufanywa kabla ya kujua ni kitu gani hasa kinachoikwamisha mashine.

Chukua mfano wa duka la pembejeo mjini Makambako, mkoani Njombe. Wakulima wa mahindi huanza kuchukua mbegu na mbolea mvua zinapokaribia, kuanzia Novemba. Wapo wanaolipa taslimu, na wapo wanaokopeshwa hadi mavuno ya Juni au Julai. Kwa miezi yote hiyo fedha za duka ziko mashambani, na kinachoonyesha nani anadaiwa nini ni faili moja la Excel lililomo kwenye diski yenye umri wa zaidi ya miaka kumi.

Diski hiyo ikifa Februari, bei ya diski ndiyo hasara ndogo kabisa.

Kwa hiyo kabla fundi hajashika bisibisi, mafaili ya duka yanakiliwe mara mbili. Nakala moja iwekwe kwenye flashi inayokaa nyumbani na nyingine kwenye barua pepe au hifadhi ya intaneti. Wapo waliompelekea fundi mashine ikiwa nzima lakini nzito, ikarudi nyepesi na tupu, kwa sababu dawa ya kwanza ya mafundi wengi ni kupiga Windows upya.

Hatua inayofuata haina gharama. Kompyuta ikiwa kwenye kazi zake za kawaida, mahesabu yamefunguliwa na risiti zinachapwa, mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager linaloonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, memori na diski zinavyotumika. Aliangalie kwa dakika kama tano, hasa pale mashine inapoganda.

Kama diski imesimama kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa kwenye 10 au 15, anayechelewesha kazi ni diski. Memori ikiwa imepita asilimia 85 muda wote, hiyo nayo haitoshi. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa, na hakuna kirusi wala programu inayojiendesha kwa siri, hapo ndipo kufikiria mashine nyingine kunapoanza kuwa na maana.

Hata hivyo, katika duka la pembejeo kuna jambo la kuangalia hata kabla ya hapo, nalo ni vumbi. Urea na CAN hufyonza unyevu wa hewani. Vumbi lake likivutwa na feni na kutua kwenye vifaa vya ndani, hushikamana na kula sehemu za shaba. Feni ikiziba, prosesa hupata joto, na ikipata joto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mashine ya namna hiyo huwa nyepesi asubuhi na nzito mchana. Haihitaji kifaa kipya, inahitaji kufunguliwa ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kupulizwa, kupakwa upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, na kuhamishwa mbali na mifuko.

Ipo pia betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa ya kompyuta. Ikiisha, kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Mauzo huingia kwa tarehe za ajabu, na kurasa za intaneti za benki au za kodi hukataa kufunguka kwa sababu kompyuta inadhani iko mwaka mwingine. Zipo mashine zilizouzwa kwa bei ya kutupa kwa tatizo la betri hiyo tu.

Mambo hayo yakishaondolewa, kwa mashine nyingi za umri huo anayebaki na hatia ni diski. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na sindano inayotembea juu yake kutafuta kila kipande cha faili. Windows 10 na programu za kuzuia virusi huita vipande vidogo vidogo bila kupumzika, na sindano haiwezi kuwahi. SSD haina kitu kinachozunguka. Diski nzuri ya sahani husoma faili kubwa kwa kasi ya megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya waya wa SATA hufika karibu 500. Tofauti kubwa zaidi huonekana kwenye vile vipande vidogo, ambako SSD huizidi sahani mara nyingi mno. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika tano kuwaka inaweza kuwaka kwa chini ya dakika moja.

Mashine ya mwaka 2011 inaipokea SSD hiyo bila taabu. Hata ya miaka michache nyuma yake, yenye SATA ya toleo la pili, ambayo kasi yake huishia kwenye nusu, bado itaonekana kama mashine nyingine.

Memori inahitaji uangalifu zaidi. Mashine za 2011 hutumia DDR3, na nyingi za kuanzia 2016 hivi hutumia DDR4. Hizi mbili haziingiliani kabisa, pengo la kwenye ukingo limekaa mahali tofauti. Aidha, Windows ikiwa ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata kama zimewekwa nane. Yupo mteja aliyelipia GB 4 za nyongeza na asione tofauti yoyote kwa sababu hiyo, na muuzaji hakuwa na haraka ya kumweleza. Kwa mahesabu, risiti na intaneti, GB 8 zinatosha.

Hapa pana tofauti ambayo mnunuzi anapaswa kuishika. SSD ya SATA akiinunua leo, ataichomoa kesho na kuiweka karibu katika kompyuta yoyote ya mezani atakayonunua baadaye. DDR3 haitahama naye. Fedha ya SSD hubaki mkononi, ya memori ya zamani huzikwa pamoja na mashine. Ndiyo maana DDR3 inunuliwe iliyotumika, iliyochomolewa kwenye mashine nyingine, na ijaribiwe usiku kucha kwa programu ya MemTest86 kabla ya kulipiwa yote.

Vipi kuhusu prosesa na ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi? Kwa duka, jibu ni hapana. Ubao wa zamani hupokea prosesa za wakati wake tu, na ukibadili ubao utabadili na memori. Dell na HP nyingi za ofisini zina pawa saplai na maumbo yao maalumu, hivyo ubao wa kampuni nyingine hautakaa vizuri ndani ya kasha. Fundi akifungua na kukuta vikopo vidogo vya kwenye ubao vimevimba vichwa au kuvuja, asiongezewe hata shilingi. Mashine hiyo imeanza safari ya mwisho.

Sasa lipo suala la Windows yenyewe, ambalo limebadilisha hesabu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa viraka vya bure vya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza iliyotolewa kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha ikawekewa ukomo wa Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba. Mashine ya 2011 ni ya kizazi cha pili. SSD haitaivusha hapo, wala memori.

Mafundi wanazo njia za kuilazimisha Windows 11 kukaa kwenye mashine kama hiyo, na mara nyingi inakaa. Lakini Microsoft imekwisha kusema haitoi ahadi ya viraka kwa mashine zisizo na sifa. Kwa anayefanya malipo ya benki na kodi kwenye kompyuta hiyohiyo, huo ni mlango uliorudishwa bila komeo. Linux Mint ni ya bure na inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani, na LibreOffice hufungua mafaili mengi ya Excel. Tatizo huwa ni programu ya mahesabu au printa ya risiti iliyotengenezwa kwa Windows pekee. Ijaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu.

Kwa hiyo hesabu ya fedha iwe hivi. Tuseme SSD ya GB 240 ni shilingi 75,000, memori iliyotumika 30,000 na fundi 20,000. Jumla ni 125,000. Tuseme tena kompyuta iliyotoka ofisini, ya kizazi cha nane, yenye GB 8 na SSD yake, ni shilingi 450,000. Matengenezo hapo ni chini ya theluthi, na kati yake 75,000 itahama kwenda mashine ijayo. Kwa duka lisiloingia intaneti sana, matengenezo yanafaa. Yakikaribia nusu ya bei ya mashine ya pili, au kama kompyuta ndiyo inayolipa kodi na kuingia benki, fedha iwekwe akiba kwa ajili ya nyingine. Tarakimu hizo ni za mfano, na bei ya mwaka jana si ya kutegemea, kwani memori na SSD mpya zilipanda sana duniani kuanzia mwishoni mwa 2025 viwanda vilipogeukia vituo vya akili bandia.

Anayekwenda Kariakoo kutafuta hiyo nyingine asidanganywe na kibandiko cha Core i5. Core i5-2400 ya mwaka 2011 na Core i5-8500 ya mwaka 2018 zote huitwa i5, na zote hupangwa kwenye meza moja. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi kwa mashine za miaka hiyo. Mashine iwashwe, jina kamili lisomwe kwenye skrini, si kwenye kasha.

Umeme nao una sauti yake. Kompyuta ya zamani inayokula wati 80, ikiwashwa saa 10 kwa siku 26, hutumia uniti karibu 21 kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya wati 20 hutumia tano na kidogo. Mwenye LUKU azidishe tofauti hiyo kwa bei ya uniti yake, kisha kwa miezi 12.

Kwa muda, Agosti na Septemba ndiyo miezi mizuri ya kazi hii huko nyanda za juu. Madeni mengi yamekwisha kukusanywa na wateja wa mbegu hawajaanza kupanga foleni. Kuihamisha kompyuta Novemba ni kujitafutia balaa.

Diski ya zamani isiachwe kwa fundi na isifutwe. Ina majina ya wateja na wanachodaiwa. Ibandikwe karatasi yenye tarehe, ifungiwe kabatini na ikae humo hadi msimu mmoja mzima wa madeni ufungwe kwenye diski mpya.