Usisubiri nakala ya hukumu: siku 30 za rufaa zimeshaanza kuhesabiwa

Umeshindwa kesi ya madai mbele ya hakimu hapa Kakuma. Labda ni deni la duka, kodi ya nyumba au ajali ya bodaboda. Hukubaliani na hukumu. Unaomba nakala, unaambiwa bado inachapwa, nawe unarudi Kalobeyei kusubiri. Hapo ndipo watu hupoteza rufaa zao.

Kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya kinakupa siku 30 kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu. Siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya hukumu, si siku uliyopata karatasi mkononi. Jumapili na sikukuu zimo ndani ya hesabu. Ikiwa siku ya mwisho ofisi za mahakama zimefungwa, unaweza kuwasilisha siku zinapofunguliwa tena.

Muda ambao mahakama ilitumia kuandaa nakala unaweza kuondolewa kwenye hesabu, lakini lazima mahakama yenyewe iuthibitishe. Kwa hiyo omba nakala kwa barua, siku ileile ukiweza, na ubaki na barua yako iliyopigwa muhuri. Ukiomba kwa mdomo tu, baadaye utathibitisha vipi?

Tena huna haja ya kusubiri. Hati ya rufaa, yaani maelezo mafupi ya sababu zako za kupinga hukumu, inaweza kuwasilishwa kwanza na nakala zifuate. Siku hizi hati huwasilishwa kwa mtandao, hivyo kukosa kibali cha kusafiri hadi Lodwar kusikuzuie. Kama huna ada, unaweza kuomba ruhusa ya kukata rufaa kama mtu asiye na uwezo.

Muda umeshapita? Bado unaweza kuomba Mahakama Kuu ikuruhusu kuwasilisha ukiwa umechelewa. Mwaka 2014, katika kesi ya Nicholas Salat dhidi ya IEBC, Mahakama ya Juu ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hiari ya mahakama, na anayeomba ndiye anayepaswa kueleza kwa nini alichelewa. Katika hati yako ya kiapo eleza kipindi chote cha kuchelewa, na uambatishe ushahidi: barua ya hospitali, tarehe ya kibali, barua ya kuomba nakala. Kusema tu kwamba hukujua sheria ni sababu dhaifu. Na kila siku unayoongeza kabla ya kuomba inakuharibia.

Jambo moja husahaulika: kukata rufaa hakuzuii mali yako kukamatwa. Ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu ni tofauti, na mahakama hudai dhamana.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaoweza kupata msaada huo. Wenyeji wasio na uwezo pia wamo. Unapokwenda kuonana na wakili, beba namba ya kesi, tarehe ya hukumu na barua yako yenye muhuri.