Pesa yako imeshikwa: nani ameishika, na kwa nini kazi yake wengine wenu mnaiweza

Swali hili hutufikia karibu kila wiki, na mara nyingi limeandikwa usiku wa manane mtu akiwa zamu: "Nimetuma pesa ya hospitali tangu jana, apu inasema inakaguliwa. Nimepiga simu mara tatu, naambiwa nisubiri, sababu hawasemi. Nimeibiwa?"

Mara nyingi hujaibiwa. Pesa imesimama kwenye meza ya mtu. Leo tumeona tuwaeleze huyo mtu ni nani, anaona nini akifungua faili yako, na kwa nini hakwambii kitu. Halafu tuongee na wale mnaokesha na wazee hapa Brooklyn Center, au mnaopanda mapaa ya watu huko Brooklyn Park, huku digrii ya biashara ya nyumbani imelala kwenye sanduku. Kazi hiyo mnaiweza.

Huyo ni mtu wa hatari na uzingatiaji wa sheria. Maofisini wanaita komplayansi. Marekani ina Sheria ya Usiri wa Benki tangu 1970 (jina linachekesha, maana kazi yake ni kuifanya benki iseme). Chini ya sheria hiyo, kila kampuni inayotuma pesa, iwe duka la mtaani au apu kwenye simu, lazima iwe na utaratibu ulioandikwa, mtu aliyeteuliwa kuusimamia, mafunzo kwa wafanyakazi na ukaguzi wa mtu asiyehusika nao. Kwa hiyo cheo hicho si pambo. Bila mtu huyo kampuni haiwezi kuendesha shughuli kihalali.

Sasa, anaona nini? Hakuoni wewe. Anaona mstari: jina, tarehe ya kuzaliwa, kiasi, mpokeaji, simu uliyotumia, na ulivyokuwa ukituma zamani. Tuseme kwa miaka miwili umemtumia mama Kisii dola 200 kila mwezi. Leo unatuma dola 2,600, kwa mwanamume ambaye hujawahi kumtumia, yuko Mombasa, na umetumia simu mpya. Mashine inapiga kelele. Labda ni daktari wa mama. Labda umetapeliwa. Labda simu yako imeibwa na anayetuma si wewe. Mashine haiwezi kujua, ndiyo maana anaitwa binadamu.

Na binadamu huyo ana sababu ya kuogopa. Mwaka 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 na kukiri kwamba haikuwa na utaratibu madhubuti wa kuzuia utakatishaji wa fedha, matapeli wakapitishia humo pesa za watu. Baada ya bili kama hiyo, kampuni zingine nazo zinaona heri mteja akasirike siku mbili. Halafu Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, kikosi cha kimataifa kinachopima nchi kwa jambo hili. Ukituma huko, kuulizwa swali moja zaidi si ajabu.

Majina nayo. Kila jina linalinganishwa na orodha ya watu waliowekewa vikwazo na serikali ya Marekani. Ukiitwa Mohamed Ali au Hassan Juma, una wenzako wengi duniani, na mmoja anaweza kuwa kwenye orodha. Kinachokuokoa ni jina la kati na tarehe ya kuzaliwa. Andika jina lako na la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. "Mama Brayo" si jina.

Kuhusu kunyamaza: sheria inamkataza mfanyakazi kumwambia mteja kama ripoti ya shaka imeandikwa juu yake. Yule wa simu mara nyingi hata haoni kilichoandikwa, na anayekiona haruhusiwi kusema. Kwa hiyo kumpigia kelele hakusaidii kitu. Haki zako zipo: unaweza kufuta muamala ndani ya dakika 30 za kulipa kama pesa haijachukuliwa, na una siku 180 za kuripoti kosa. Lakini kucheleweshwa kwa ajili ya ukaguzi huu kwa kawaida hakuhesabiwi kosa.

Hapa kuna ushauri wa mtaani tunaomba muutupe leo: "Kata kata, tuma kidogo kidogo, hawataona." Ukituma dola 3,000 au zaidi kwa mara moja, kampuni inalazimika kuchukua na kutunza maelezo yako. Basi. Hakuna kosa hapo. Ukitoa fedha taslimu zaidi ya dola 10,000 inajazwa ripoti. Nayo si kosa. Lakini kukatakata kiasi kwa makusudi ili kukwepa masharti hayo ni jinai ya shirikisho, kifungo hadi miaka 5, hata kama kila senti ni ya jasho lako. Tumeona watu wenye pesa safi wakijitengenezea uchafu kwa njia hiyo. Na zile 2,900 tatu mfululizo zinaonekana haraka kuliko 8,700 moja.

Hata sisi hatujasalimika. Mwenzetu mmoja wa hapa alifiwa. Watu kumi na wanne wakamchangia, naye akatuma dola 4,700 kwa jina lake kupitia kampuni moja. Kwenye sababu akachagua "matumizi ya familia". Wakaomba hati za mshahara, na mshahara wake hauwezi kueleza dola 4,700. Alikasirika, akakaa siku tatu bila kujibu, huku mochari inahesabu siku. Mhasibu mzima! Mwishowe alituma orodha ya wachangiaji, ankara ya mochari na barua ya mistari sita inayosema wazi: hii ni harambee ya msiba. Pesa ikatoka kesho yake. Angeandika "harambee" tangu mwanzo, pengine angeulizwa swali moja tu. Lakini ukipeleka pesa ya mtu usiyemjua, kwa ahadi ya kukatiwa kamisheni, barua haitakuokoa. Huo ni ubebaji wa pesa chafu, na jina litakaloandikwa ni lako.

Wanaoishi Minnesota tangu zamani wanakumbuka kinachotokea uaminifu ukiisha kabisa. Oktoba 2011 wanawake wawili wa Rochester, kusini mwa hapa, walitiwa hatiani kwa kupelekea al-Shabaab pesa, dola 8,600 hivi. Mwisho wa mwaka huo Sunrise Community Banks, iliyokuwa ikihudumia hawala nyingi za Wasomali wa jimbo hili, ikaacha. Ilikuwa Desemba, na Somalia ilikuwa katika njaa. Ilichukua hadi 2014 Bunge la Marekani kupitisha sheria iliyosukumwa na Keith Ellison, mbunge wa Minneapolis, ya kupunguza marudio ya ukaguzi kwa kampuni hizi. Watu wa komplayansi wakiwa wazuri, benki inaweza kutenga mbaya mmoja. Wakiwa hafifu, inafunga mlango kwa wote.

Ndiyo maana tunataka watu wetu kwenye meza hiyo. Aliyekulia kwingine akiona watu kumi wanampa mtu mmoja dola 100 kila mwezi, anaona utapeli. Wewe unaona chama. Akiona pesa zinapanda Desemba na Januari, anashtuka. Wewe unajua karo. Na upande wa pili pia: ajenti feki anayekusanya "ada ya viza" za kazi za Ghuba, wewe utamnusa kabla ya mashine.

Kazi ya kuanzia ni kukagua vitambulisho vya wateja au kuchambua miamala iliyopigiwa kengele. Nusu yake ni kuandika: nani, nini, lini, kwa nini umefunga au umepeleka juu. Anayejaza taarifa za mgonjwa kila mwisho wa zamu ameshazoea nidhamu hiyo, andika ulichoona, si unachodhani. Digrii ya nyumbani ipeleke ithaminiwe na shirika kama WES. North Hennepin, chuo cha jumuiya pale Brooklyn Park, kina masomo ya uhasibu. Kuna cheti kinachoheshimika kinaitwa CAMS, lakini gharama yake inapita dola 1,000. Usikikimbilie kabla ya kazi ya kwanza, maana wapo waajiri wanaolipia. Njia fupi tunayoiona ni kuingia benki au kampuni ya kutuma pesa kama mhudumu wa wateja, kisha kuomba kuhamia ndani.

Tusiwadanganye. Nafasi nyingi za mwanzo ni za mkataba wa miezi, foleni ina idadi ya kumaliza kwa siku, na inachosha macho. Siku moja utafungua faili na kukuta jina la mtu mnayeabudu naye. Unamwambia msimamizi, unaikabidhi kwa mwingine, na kanisani husemi neno. Asiyeweza kufunga mdomo abaki kwenye mapaa.

Kwenye usaili wanapenda kukupa kisa na kuuliza utafanya nini. Usikimbilie "nitaripoti" wala "nitaachilia". Anza na unachohitaji kujua kwanza. Chukua ule mfano wa dola 2,600 za Mombasa hapo juu, andika kwa Kiingereza mistari kumi ya utakayouliza na kwa nini, ututumie. Tutaisoma na kukurudishia.