Pesa ya kamera ndogo haipo kwenye kamera

Juni 2014 hisa za GoPro, watengenezaji wa kamera ndogo za kufunga mwilini au kwenye chombo, zilianza kuuzwa soko la Nasdaq, New York, kwa dola 24. Kufikia Oktoba zilikuwa zimevuka dola 90, na kampuni ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 10. Mwaka 2025 hisa hizohizo ziliporomoka hadi chini ya dola moja. Katika miaka hiyo yote kamera yenyewe ilikuwa ikizidi kunoga: inazama mita 10 bila kava, picha haitikisiki hata ukiifunga kwenye usukani wa baiskeli. Bidhaa inapanda, biashara inashuka.

Mwanzilishi wake, Nick Woodman, alikuwa ameshafilisika na kampuni ya intaneti alipokwenda Australia na Indonesia mwaka 2002 kuteleza juu ya mawimbi. Alitaka picha yake akiwa ndani ya wimbi, na mpigapicha aliyesimama ufukweni hawezi kukupa hiyo. Akakopa kwa wazazi, akauza mikanda ya shanga na makombe kutoka Bali akiwa ndani ya gari lake, na mwaka 2004 akatoa kamera ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Ilitumia filamu ya milimita 35, ya kupeleka studio kusafishwa! Zilipokuja za kidijitali, wateja wakageuka wapiga debe: kila aliyepandisha video yake YouTube aliitangaza kampuni bure. Felix Baumgartner aliporuka kutoka karibu kilomita 39 angani, Oktoba 2012, kamera hizo zilikuwa naye.

Lakini watu wa aina ya Baumgartner hawajazi duka. Mnunuzi wa kawaida ni mtu wa wikendi: anakwenda kuogelea Nungwi, anapanda Kilimanjaro mara moja maishani, anazunguka na pikipiki. Huyo ndiye aliyeivuruga hesabu. Rekodi kwa 4K, fremu 60 kwa sekunde, na kamera inaweza kula megabiti 120 kila sekunde, yaani gigabaiti 54 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 inajaa baada ya saa moja na dakika chache. Ndani yake kuna barabara, barabara, barabara, ng'ombe, barabara. Nani atakaa kuitazama? Video inalala kwenye kadi, kamera inalala droo, na mtu ambaye hajafungua video za mwaka jana hana haraka ya kununua toleo jipya. Wengi husema simu ndiyo iliyoiua biashara hii, na kweli simu imechukua sehemu yake. Mimi naona kazi ya kuhariri imeua zaidi.

GoPro wenyewe waliliona. Mwaka 2016 walitoa dola milioni 105 kununua kampuni mbili zenye programu za kuhariri video kwenye simu, Replay na Splice. Bahati mbaya mwaka huohuo macho yao yalikuwa angani: droni yao, Karma, iliingia sokoni Oktoba na kurudishwa kiwandani Novemba kwa kuwa baadhi zilikuwa zikizima zikiwa juu. Mapema 2018 wakaachana na droni kabisa.

Kilichobaki kuwashikilia ni ada. Mteja analipa takriban dola 50 kwa mwaka, video zinahifadhiwa mtandaoni, programu inamkatia kipande kifupi, na kamera ikivunjika anaweza kubadilishiwa kwa kuongeza malipo. Mwisho wa 2024 waliolipia walikuwa karibu milioni 2.5, wakiingiza zaidi ya dola milioni 100. Mapato yote ya kampuni mwaka huo yalikuwa dola milioni 801, nusu ya yale ya 2015, na hasara dola milioni 432, ingawa sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na hesabu za kodi.

Wakati huo Shenzhen, China, haikulala. Insta360, iliyoanzishwa na Liu Jingkang mwaka 2015, ilijijengea jina kwa kamera ya lenzi mbili inayonasa pande zote kwa pamoja. Husumbuki kuielekeza, unachagua fremu baadaye kwenye simu, na fimbo uliyoishika inafutika yenyewe. Mapato yake ya 2024 yalizidi yuani bilioni 5.5, sawasawa na kumkanyaga GoPro kisigino, na Juni 2025 hisa zake ziliingia soko la Shanghai na kupaa siku hiyohiyo. DJI, wakubwa wa droni, walikuwa wameshaingia na Osmo Action tangu 2019. GoPro waliishtaki Insta360 mwaka 2024 mbele ya tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani kuhusu hataza. Kesi haikatii mtu video.

Anayetaka kuona pesa inavyopatikana kwa kamera hizi aende Jinja. Wageni wanashuka Mto Nile kwa mashua za mpira, pembeni kuna mwenye kayaki na kamera, na video wanauziwa baada ya safari. Mabwawa ya Bujagali, 2012, na Isimba, 2019, yamemeza maporomoko kadhaa, lakini video bado inauzika. Mgeni hanunui saa nne za maji. Ananunua dakika chache ambazo mashua inapinduka.

Kwa anayetaka yake mwenyewe, toleo kuu la GoPro la 2024 lilizinduliwa kwa takriban dola 400, kabla ya kadi na betri ya akiba. Hapo ndipo mtumba unapopata wateja. Tangu Hero7 Black ya 2018 kamera hizi zina utulivu wa picha unaotosha matembezi, na zile bawaba za plastiki zenye vidole viwili na vitatu hazijabadilika, kwa hiyo vishikio vya bei rahisi vinaingia bila shida. GoPro haipati hata senti kwenye mauzo hayo. Ukinunua, chomoa betri uitazame. Ikiwa imevimba, iache. Kadi ijaribu dukani kwa kuijaza hadi mwisho, maana zipo zilizoandikwa 256 ambazo hazifiki hata 32.