Dhahabu ya Aksum na imani ya wafalme wake

Mfalme Ezana wa Aksum alipoingia Ukristo katika karne ya 4, habari hiyo ilisafiri mikononi mwa wafanyabiashara. Juu ya kichwa chake, kwenye sarafu za dhahabu, palikuwa na hilali na duara, alama za dini ya kale. Zikaondolewa, ukawekwa msalaba.

Aksum ilitawala nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia na Eritrea ya leo. Bandari yake ya Adulis iliiunganisha na Misri, Arabuni na India. Mnamo mwaka 270, zama za mfalme Endubis, Aksum ilianza kutoa sarafu zake yenyewe za dhahabu na fedha, na baadaye za shaba. Enzi hizo, dola zilizokuwa na dhahabu yenye chapa zao zilikuwa chache mno duniani.

Sarafu hizo za dhahabu ni ndogo, hata gramu 3 hazifiki, lakini zimebeba mengi. Mfalme yuko pande zote mbili: kuanzia zama za mfalme Aphilas, upande mmoja amevaa taji, upande wa pili kitambaa cha kichwa. Masuke mawili ya nafaka yamemzunguka, ishara ya nchi yenye rutuba.

Na miungu? Huko Asia, Kanishka, mfalme wa Wakushani, aliichora miungu mingi kwa sura na majina, hata Buddha akamweka. Aksum ilichagua njia nyingine. Katika maandishi ya mawe Ezana alijiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita, ila kwenye sarafu mbingu iliwakilishwa na alama tu, na uso ulibaki wa mfalme. Ndiyo maana alama ile ilipobadilika, kila mtu aliweza kuiona.

Dhahabu iliandikwa Kigiriki, lugha ya biashara ya Bahari ya Shamu, kwa kuwa ilikusudiwa wageni. Shaba, pesa ya sokoni nyumbani, baadaye ikaandikwa Kige'ez, lugha ya Aksum yenyewe, na baadhi yake iliwatakia watu furaha na amani.

Utoaji wa sarafu ulikoma katika karne ya 7. Majina ya baadhi ya wafalme tunayajua kwa sarafu hizo pekee. Zinastahili basi kufundishwa madarasani kwetu kama maandishi ya historia: ni Waafrika wenyewe waliojieleza, kwa chapa yao, mbele ya dunia.