Taarifa ya Majaribio Katika Seva: Mfano wa Programu ya Kuchanganua Vitenzi vya Kiswahili

Programu inayochanganua vitenzi vya Kiswahili hurekebishwa na watu wengi, na kila rekebisho laweza kuharibu kilichokuwa sahihi jana. Tuchukue jozi hawakupenda na hawakupendi. Katika neno la kwanza, -ku- ni kiambishi cha ukanushi wa wakati uliopita. Katika la pili, ni kiambishi cha mtendwa, nafsi ya pili umoja. Irabu ya mwisho pekee ndiyo inayoyatofautisha. Anayeongeza kanuni mpya aweza kuufuta upambanuzi huo bila kujua. Kwa sababu hiyo, jozi kama hii hufanywa jaribio, na seva hupewa kazi ya kuliendesha kila msimbo unapobadilishwa.

Jenkins, seva iliyoitwa Hudson hadi mwaka 2011, haiwezi yenyewe kueleza ni jaribio lipi lililoanguka. Hujua tu kwamba amri imefaulu au imeshindwa. Ili ionyeshe taarifa kamili, mambo mawili yanahitajika: kwanza, chombo cha majaribio kiandike matokeo katika faili la XML lenye muundo wa JUnit, pili, seva ielekezwe lilipo faili hilo kwa hatua iitwayo «junit».

Mahali pa hatua hiyo pana uzito. Ikiwekwa mara tu baada ya amri ya majaribio, huenda isifikiwe kamwe: jaribio likianguka, amri hurudisha ishara ya kushindwa, na kazi hukoma hapo. Taarifa hukosekana siku ile ile inapohitajika. Suluhisho ni kuiweka katika sehemu ya «post», chini ya sharti la «always», ambayo hutekelezwa kazi ifaulu isifaulu.

Muundo wa JUnit hubainisha hali tatu za jaribio lisilofaulu. Kuna kuanguka: programu imejibu visivyo, mathalani kwa kuiita -ku- ya hawakupenda mtendwa. Kuna hitilafu: programu imekatika kabla ya kujibu. Kuna kurukwa: jaribio halikuendeshwa. Jenkins huhesabu mbili za kwanza pamoja. Hivyo msomaji hana budi kufungua ujumbe wa kila jaribio. Mtunga istilahi naye ajihadhari: neno «kosa» likitumiwa kwa zote mbili, mwanaisimu hatajua kama arekebishe kanuni ya sarufi au amwite mtayarishaji wa programu. Na jaribio lililorukwa lisihesabiwe ushindi, kwani halijathibitisha lolote.