Maneno Makubwa ya Kiingereza

Kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Lubumbashi alitujia siku moja na barua mkononi. Alikuwa ameomba kazi ya ukarani katika ghala moja ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, katika nchi ya Zambia, nao walimjibu kwa Kiingereza. «Mwalimu, tafadhali unisomee,» akasema.

Tukasoma. Ndani yake mlikuwa na neno «eventually». Sisi tukalifikiri kwa Kifaransa, tukadhani ni sawa na «éventuellement», yaani pengine. Tukamwambia: «Wanasema pengine watakupa kazi.» Kijana akakata tamaa, asijibu. Baada ya miezi tulifungua kamusi kwa sababu nyingine, tukaona kwamba neno lile maana yake ni hatimaye. Walikuwa wamemwahidi: kazi utapata, ila ungoje kidogo. Tukaandika upesi kwa ajili yake, lakini nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Kijana hakutulaumu, tulijilaumu wenyewe.

Ndugu wasomaji, barua za namna hii zitazidi kuja. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza hutumika sana. Basi yafaa tujifunze maneno yake makubwa, tena tujifunze kwa akili.

Anayejua Kifaransa ana ufunguo tayari. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari akaishinda Uingereza. Kwa muda mrefu wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, nao wakulima walishika lugha yao. Hata leo ng'ombe aliye malishoni huitwa «cow», lakini nyama yake mezani huitwa «beef», ndilo «bœuf» la Wafaransa. Kondoo ni «sheep», nyama yake ni «mutton». Nguruwe ni «pig», nyama yake ni «pork». Mchungaji alikuwa na neno lake, na mlaji alikuwa na lake.

Maneno mengine yalitoka katika Kilatini. Neno refu lisikutishe: ulikate vipande kama muwa. Chukua «benevolent». Katika Kilatini «bene» ni vema, na «volens» ni mwenye kutaka; basi huyo ni mtu anayewatakia wengine mema. Ukiweka «male», yaani vibaya, mahali pa «bene», utapata «malevolent», mwenye kuwatakia wengine mabaya. Kwa kujua vipande vitatu umepata maneno mawili.

Lakini mjihadhari! Kuna maneno yanayofanana kwa sura tu, kama watu wawili wasio wa ukoo mmoja. «Library» ya Waingereza si «librairie», duka la vitabu. Ni maktaba, mahali pa kusoma na kuazima. «Actually» si «actuellement», yaani sasa; ni kwa kweli. «Sensible» kwa Kifaransa ni mtu mwepesi wa kuguswa moyo. Kwa Kiingereza ni mtu mwenye busara. Neno linalofanana sana na lile unalolijua, hilo ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwa maana lile usilolijua kabisa utalitafuta tu.

Nanyi wanafunzi, shikeni daftari moja kwa kazi hii. Kila siku andikeni maneno matano, si hamsini. Kando ya kila neno andikeni maana yake kwa Kiswahili, kisha sentensi moja mliyoitunga wenyewe, kwa kuwa neno lisilotumiwa husahauliwa upesi. Siku ya saba msiongeze jipya, bali mrudie yote ya juma lile.

Na mtu akikuletea barua, usione haya kumwambia: «Ngoja kwanza nitazame kamusi.» Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Laiti nasi tungaliuliza siku ile, kijana wetu angalikuwa kazini.